Vumbi Alilolitafuta Dodo

Jumatatu asubuhi daktari wa mapafu alikuwa anamngoja mume wangu Omer huko Lubumbashi, na klimu, kile kipoza hewa cha gari letu la Carina, ilikuwa inapuliza hewa ya moto tu. Watu watasema: fungueni madirisha. Watu hao hawajapita Tenke, njia ya kwenda huko, mwezi wa kumi nyuma ya malori ya shaba. Omer alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga mawe. Ukifungua dirisha, vumbi linamkaba. Ukifunga bila klimu, joto linamkaba. Safari iliyotangulia tuligeuza gari njiani, midomo yake imebadilika rangi, na miadi ikapotea. Hii ya pili sikutaka ipotee.

Jumamosi nikalipeleka gari kwa fundi Dodo, mtaa wa Manika hapa Kolwezi. Kwanza nilipita kwa vijana wa kuosha magari, wakalisugua nje, ndani, mpaka injini yenyewe kwa sabuni. Mimi sipeleki kitu kichafu mbele ya watu. Nyumbani kwetu hata mgonjwa anaoga kabla ya kwenda hospitali.

Dodo ni mtu mnene, mwenye sauti ya kwaya, anayejisifu kabla hujamuuliza. Alifungua boneti, akashika kichwa. Nikaogopa.

"Mama Falonne, nani aliosha hii motere?"

"Mimi niliagiza injini ioshwe. Kuna ubaya?"

"Ubaya! Umeogesha mwizi, umemuvalisha na kravati shingoni, sasa unaniuliza ni nani aliiba!"

"Dodo, sema nikuelewe."

Akanionyesha mabomba yanayong'aa. "Gaz ikitoroka, inatoka pamoya na mafuta kidogo. Vumbi ya Kolwezi inanata pale pale. Mi ningeangalia tu doa. Lakini weye umengarisha bitu yote kama sahani ya ndoa."

"Basi ongeza gesi, twende zetu."

"Ile balikuongezea mwezi wa sita, iko wapi?"

Hiyo aliitia fundi mwingine, nami nilimsimulia Dodo nilipofika.

"Mi siongeze gaz mu kintu yenye kutoboka. Itaisha njiani, na papa Omer ndani. Nani atamubeba? Weye?"

Watu wengi hunizungukazunguka wanapotaka kuniambia jambo kama hilo. Yeye alilisema huku akitafuta bisibisi. Nilimheshimu kuanzia hapo.

Akapaka povu la sabuni kwenye kila ungio la bomba. Hakuna lililotoa hata kipovu. Akasema tundu ni dogo mno, labda linafunguka tu gari likitikisika. Akatia gesi kidogo ya kupimia tu, pamoja na mafuta ya kompresa, ile pampu ya gesi, akapangusa kila bomba kwa kitambaa, akafunga boneti, akaniashiria kiti cha abiria.

"Panda, mama. Tuende tutafute vumbi."

Nimezaliwa hapa. Tunamwaga maji uani, tunafunika vyungu, tunatundika nguo mbichi madirishani. Sijawahi kuona mtu anatoka kwake kwenda kulitafuta vumbi. Dodo aliishika barabara ya malori, akajibandika nyuma ya moja lililojaa mawe, karibu mno, na kwa vumbi lake sikuweza hata kuisoma namba yake. Mbele yetu kulikuwa na wingu jekundu tu. Dereva wa lori akatoa kichwa.

"Weye, pita basi!"

"Hapana, tata! Ongeza mwendo, vumbi yako iko kidogo!"

Yule akatuita wendawazimu. Dodo akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti yote. Mimi nikakohoa na kushikilia mlango.

Tuliporudi garaji injini ilikuwa nyekundu yote, vumbi jepesi, kavu. Nikanyoosha kidole.

"Usiguse!"

Akainama na tochi, polepole, bomba kwa bomba. Sikumsikia akijisifu hata mara moja. Pale bomba linapoingia kwenye kompresa kulikuwa na doa la ukubwa wa ukucha, jeusi, bichi, vumbi limenata juu yake kama unga kwenye mwiko. Akabusu vidole vyake.

"Huyu hapa!"

Alifungua maungio, akatoa pete ya mpira iliyovimba na kulegea. Fundi fulani kabla yake alikuwa ameweka ya bomba la maji.

"Hii ni ya robine, mama. Motokari yako ilikuwa inangojea Regideso ilete maji."

Nilicheka, ingawa sikuwa na nia. Akaweka pete halisi ya klimu, ya kijani, akakaza. Kisha akaunganisha mota ya friji ya zamani inyonye hewa yote kwenye mabomba, akaizima, akakaa kuutazama mshale wa kipimo aone kama utasogea, maana ukisogea bado kuna tundu. Nilimuuliza kama tayari. Nikamuuliza tena.

"Mama, kaa chini."

Nikakaa. Mji huu hauna watu wengi wanaoniambia kaa chini nikakaa. Mshale haukusogea, na hapo ndipo alipotia gesi. Mafundi wenye mikono mizuri nimewaona wengi. Huyu ana mikono na ubishi, na bila ubishi wake ningeondoka saa nne asubuhi na gesi mpya na tundu lile lile.

Jumapili baada ya misa tukaondoka, mimi kwenye usukani. Karibu na Tenke malori yalikuwa yamepangana, nje kote kumekuwa kwekundu, wapita njia wamejifunga vitambaa usoni. Madirisha yetu yalikuwa yamefungwa, klimu ikipuliza baridi. Niliitazama midomo ya Omer zaidi ya barabara, mpaka akanigombeza niangalie mbele, kwa sentensi ndefu, bila pumzi kumkatika.

Baadaye akanyamaza. Nikageuka haraka. Alikuwa amelala, mdomo umefumbwa, anapumua kwa pua. Nikazima redio nimsikie.