Ghorofa ya Nne Kwenye Kizingiti

...na ukimwita tu umeharibu, kuku aliyekulia kwenye kizimba haitwi, hasukumwi, hapigiwi makofi kama wafanyavyo watu wasiojua kufuga, unamfungulia mlango, unakaa, unajifanya huna habari naye, na yeye kweli alikuwa na kazi yake, sketi ya sare ya shule mapajani, sindano mkononi, pindo limefika katikati, ameketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, jicho moja kwenye uzi na jingine kwenye mlango wa banda, ambako kuku wa mwisho, yule mwenye shingo kipara, alikuwa amesimama kwenye kizingiti na mguu mmoja juu, haingii, hatoki, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa, na huo mguu ukitua nje tu basi kazi imekwisha, maana wenzake watatu wameshatoka, wale pale chini ya kamba ya nguo, wanachakura udongo kana kwamba wamezaliwa wakichakura, amebaki huyu, na huyu naye leo anatoka, alilijua hilo tangu alipoamka, yeye kuku hawamshindi, uliza mtaa mzima, kuku wa mtu akizubaa, akilala na mabawa chini, analetwa kwa nani? kwa fundi cherehani, si kwa mwingine... "Mama," sauti ya mumewe ikatoka mlango wa jikoni, "shemeji yuko kwenye simu," naye akainua mkono wenye sindano bila kugeuka, shh, baba, usisogee, na mumewe akaganda pale pale, mtiifu huyo, suruali ya kazi imepigwa pasi mpaka inakata, simu kaibana kifuani kwa viganja viwili, na kaka yake akisikika kwa mbali kutoka ndani ya shati la mtu, haloo, haloo, mnanisikia huko... asubiri, kaka yake, hatakufa, kuku huyu amesubiri maisha yake yote.

"Anasema wanataka jibu sasa hivi," mumewe akanong'ona, na jibu si lipo, jibu analo yeye, tena analo tangu mwezi uliopita, maana ni nani aliyemfuata kaka yake mpaka kazini kwake akamwambia, kaka, nakuomba, nitafutie huyu mtu mahali pa kukaa kabla sijapata wazimu, si yeye mwenyewe? na kaka akahangaika, Mungu ambariki, akapata, kibanda cha kioo pale kwenye maegesho ya magari nyuma ya soko, kiti kizuri, kivuli, unakaa, unatoa tiketi, unabonyeza kitufe, chuma kinainuka, gari linapita, basi, kazi ya mtu mzima kabisa, na mumewe kubonyeza vitufe ndiyo kazi anayoijua, amebonyeza ujana wake wote kwenye lifti ya lile jengo refu la ofisi, mtu anaingia, yeye anauliza, ngapi? anaambiwa, anabonyeza, wanapanda, wanashuka, mpaka walipoleta lifti mpya ambazo watu wanabonyeza wenyewe, wakamfanyia keki, wakamshika mkono, wakampa saa ya ukutani, na tangu siku ile anaamka alfajiri, ananyoa ndevu, anapiga pasi suruali, kisha anakwenda kusimama ukumbini, si sebuleni kwenye viti, la, pale kwenye ukumbi mwembamba kati ya chumba na choo, mahali pembamba kuliko pote katika nyumba nzima, mikono nyuma, ukipita na beseni la maji anajibana ukutani kwa adabu na kukuuliza, unakwenda wapi? na ukisema jikoni anaitikia kwa kichwa kana kwamba atakupeleka... siku ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu, siku ya pili akatabasamu, baada ya hapo ikaanza kumpanda kichwani, baba, toka njiani, baba, nenda ukatembee, baba, wenzako wako kijiweni wanacheza bao, na alimpeleka kijiweni kwa mkono wake mwenyewe, akamkalisha, alipogeuka tu mtu yuko nyuma yake, anarudi naye nyumbani, hivi kuna mwanamke gani angefanya zaidi ya hapo?

Mguu ukashuka kidogo, ukarudi juu. Taratibu, mwanangu, hakuna anayekufukuza. Kucha zake bado ndefu, zimejikunja, kwa sababu kule alikotoka hapakuwa na ardhi ya kuzisugua, waya juu, waya chini, wanatanguliwa na mayai yao kuona mwanga wa jua, na siku lile shamba la mayai lilipoondoa kuku waliochoka, likawauza kwa kreti kwa ajili ya sufuria, yeye alikwenda kuchukua wanne, watu wakamcheka, shemasi mzima wa kanisa akamwambia, mama, hao ni mifupa na manyoya, tena manyoya yenyewe hawana, akamjibu, shemasi, na wewe kichwani huna lakini tunakuheshimu, wakacheka hadi mwenye shamba, kreti likabebwa kwenye toroli na mumewe akilisukuma, akiinama kila baada ya hatua chache kuwachungulia, na kitu alichouliza njia nzima ni kimoja tu, "Hawa walikuwa ghorofa ya ngapi?" ghorofa gani tena, baba, hawa ni kuku, "Si walipangwa vizimba juu ya vizimba? Niliona. Ghorofa nne," na jina likawakaa, wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, na huyu wa shingo kipara akawa Ghorofa ya Nne, naye kwa kweli alicheka, akadhani ni utani... haloo, kaka yake tena, haloo, salio langu linakwisha... "Mama," mumewe akasema, "nimwambie nini?" ngoja, baba, ngoja kidogo tu, akitoka huyu nakujibu, huoni nina kazi?

Maana kazi kubwa ilikwishafanyika, na ilifanyika kitaalamu, kuwaingiza kuku wageni kwenye kundi la wenyeji kuna ufundi wake, hasa ukiwa na mwenyeji kama Hakimu, lile jike jeusi linalotembea kifua mbele na kumdonoa kila asiyemjua, ufundi wenyewe ni kwamba unangoja giza liingie, wenyeji wamelala juu ya fito, unawachukua wageni mmoja mmoja na kuwapachika katikati yao polepole, asubuhi wote wanaamka bega kwa bega, na kuku kumbukumbu yake unaijua, anamtazama jirani yake, anasema moyoni, huyu nadhani alikuwepo, maisha yanaendelea, yeye ameufanya ufundi huo tangu akiwa msichana na haujawahi kumwangusha, basi akawapachika wanne wale, huyu hapa, huyu pale, na walipoachiwa tu wakaanguka, pu, pu, kama maandazi, akawapandisha tena, wakaanguka tena, hawajui kushika fito, vidole vyao vimezoea waya tambarare, hawajawahi kulala juu ya kijiti tangu kutotolewa, na alfajiri Hakimu aliposhuka akawakuta wamerundikana kwenye kona, sakafuni, wageni kabisa, akawahukumu wote wanne, damu, makelele, yeye akakimbia na kanga moja akiwafokea, wapumbavu nyie, nimewaweka pazuri mnashuka wenyewe!... wapumbavu nyie. Sindano ikasimama. Nani alishusha ile fito? Si yeye. Yeye alikuwa jikoni anapaka shingo ya mmoja dawa na kulalamika, na alipotoka alikuta msumeno chini, nyundo chini, mumewe amepiga magoti bandani na suruali yake ya pasi, ameiteremsha fito kutoka karibu na dari mpaka kimo cha tofali moja, na kuitandika kwa ubao mpana ili vidole visiteleze, na wenyeji nao, Hakimu kwa udadisi wake, wakaja kulala chini pamoja na wageni, kila juma anaipandisha tofali moja, na alipomuuliza alisema tu, "Huwezi kumpeleka mtu juu moja kwa moja, lazima apite chini kwanza," naye akajibu, ebu toka humo, utachafuka, kisha akaenda kumsimulia jirani jinsi yeye alivyobuni fito ya kupanda na kushuka, akasifiwa, sifa zikamkolea... si jambo kubwa, mke na mume ni kitu kimoja... lakini kitu kimoja namna gani ikiwa sifa zinakaa upande huu na lawama upande ule?

"Shemeji, subiri," mumewe akasema kwenye simu, polepole, ile sauti ya lifti, tafadhali jihadharini na mlango, na yeye bado hakugeuka, kwa sababu kuna kitu kingine kilikuwa kinamjia na hakukipenda, kilikuwa kinakuja pole pole kama huo mguu, jana mchana, joto, alipochungulia dirishani huku cherehani ikilia, alimwona mumewe ameketi chini, mavumbini, mgongo umeegemea banda, miguu imenyooka, hafanyi kitu, hatupi punje, hatazami hata ndani, na juu ya bega lake, ndani ya mlango, shingo kipara imechomoza, yule yule, kwa mara ya kwanza, inatazama anachotazama yeye, yaani ukuta, na yeye akapiga kelele dirishani, unafanya nini hapo, baba? kuku akatoweka ndani, mumewe akasema, "Nipo tu," na jioni kwenye sahani, akiwa anachambua mwiba, alisema kitu, alisema nini, cherehani ilikuwa imemwachia masikio yakivuma, alisema... usimwite. Alisema, "Yule usimwite. Amezoea mtu mwingine ndiye anaamua, ukimwita atakuja kwa sababu umemwita, halafu atarudi. Mwachie mlango." Ndiyo. Usimwite, usimsukume, unakaa, unajifanya huna habari naye. Maneno yote yale aliyoamka nayo leo kifua mbele kama Hakimu, akidhani ni ya kwake, yalitoka kwenye kinywa kile kilichokuwa kikitafuna samaki, na mwenye kinywa ndiye huyo amesimama mlangoni pa jikoni, na simu kifuani, akingoja yeye amwambie ghorofa ya ngapi.

Ikamuuma. Hakutegemea, ilimchoma kweli kweli, chini ya titi, akajisikia aibu ya mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake, maana alikiona kile kibanda cha kioo kwa mara ya kwanza, si kama kaka yake alivyokieleza, alikiona kama kreti, kutoka boksi la chuma kwenda boksi la kioo, na nani anapanga, nani anambeba mtu gizani na kumpachika mahali asipoweza kushika, halafu akianguka anafokewa, yeye, mjuzi wa kuku mtaa mzima, kuku kipara amempa majuma na majuma ya kimya, tofali moja moja, na mumewe hakumpa hata asubuhi moja ya kusimama ukumbini bila kuulizwa umesimama nini... na huenda anakitaka, ee, huenda kibanda kile anakipenda, kiti, kivuli, magari yanapita, mambo anayoyajua, nani amesema hakitaki? hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza, yeye anajua kila mtu katika jengo lile alikuwa anakwenda ghorofa gani, mkurugenzi, mfagiaji, mleta chai, na katika watu wote walioingia mle ndani hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka na kumwambia, na wewe je? Hata mkewe. Hasa mkewe.

"Mama, nimwambie ndiyo?" Na ile ndiyo ilikuwa mdomoni tayari, imekaa vizuri, ina mwezi mzima inasubiri, angeitema tu kaka yake afurahi, ukumbi ubaki mtupu, apite na mabeseni yake raha mustarehe. Akaimeza. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

"Wewe unataka nini, baba?"

Hakugeuka kumtazama, hapo alijikaza kwelikweli, kwa sababu shingo yote ilitaka kugeuka, na kinywa kilitaka kuongeza, kusaidia, kupendekeza, kukaa bure si vizuri lakini pia si lazima, unaweza hata kwenda nusu siku... nyamaza, mwanamke, nyamaza. "Mimi?" mumewe akauliza, kwa mshangao kama wa mtu aliyeitwa jina lake katikati ya soko, na kutoka kifuani mwake kaka akasema haloo, haloo, jamani, na chini ya kamba ya nguo wale watatu wakaendelea kurusha udongo nyuma, na kwenye kizingiti Ghorofa ya Nne akageuza kichwa, akatazama nje kwa jicho moja, kisha kwa jingine, mguu bado uko juu. Siwaiti, akajiambia, simwiti yeyote, nina siku nzima. Mlango wa banda ulikuwa wazi mbele yake, na wa jikoni nyuma yake, naye akainamia pindo la sketi na kuendelea kushona, taratibu, kwa makini sana, ingawa uzi ulikuwa umeshachomoka kwenye sindano tangu zamani.