Mvuvi wa Sita

Ukungu ulikuwa umeilamba barafu ya Bahari ya Aral, mchana ukawa mweupe kama maziwa. Ndani ya hema, Raushan, mpimaji wa samaki, alimlaza samaki wa mwisho kwenye rula, akambandua magamba ya kusomea umri, kisha akavuta mabakuli ya chai yaliyoachwa na wavuvi.

Wavuvi wa ghuba ile hawahesabiwi kwa kidole. Husema ukimhesabu mtu juu ya barafu, maji nayo huanza kuhesabu. Kwa hiyo wapimaji huhesabu mabakuli yaliyonywewa, wakagawa uzito wa samaki kwa idadi hiyo. Mgawo ukishuka mno, ina maana samaki wanakwisha, na ghuba hufungwa.

Mabakuli yalikuwa sita. Yote yamebaki na majani matupu, yote yangali na joto.

"Mzee Orazbek, asubuhi mlikuja watano."

"Na tuko watano. Au macho yako umewaazima samaki, binti?" Mkuu wa wavuvi alicheka, cheko la meno tu.

Raushan akafunua pazia la hema. Wanaume wanne walikuwa wakivuta wavu kutoka kwenye tundu la barafu. Nyuma yao alivuta mmoja zaidi, kijana asiye na kofia, nywele zimemganda kichwani. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Alimjua. Ni Sabyr, mwana wa Orazbek, aliyemezwa na barafu msimu uliopita, asiopolewe hadi leo.

Orazbek alikuwa ameshapiga magoti. "Usiandike sita, binti. Ukigawa kwa sita watatufungia ghuba, nami nitamwonea wapi? Huja tukitia wavu tu. Anakunywa chai yake, basi. Hamdhuru mtu."

"Mzee, samaki wanakwisha kweli. Magamba yenyewe yanasema. Wote ni watoto."

"Na wangu hakuwa mtoto? Wewe umewahi kuzika nguo za mwanao, kwa kuwa mwili hukuupata? Andika watano!"

Raushan akajiambia kwamba maiti si mvuvi, na hakuna wa kumlaumu. Moyo ulikataa, mkono ukaandika watano.

Mzee alimbusu paji la uso, akatoka mbio kama kijana aliyeitwa harusini. Ukungu ukamfunika.

Punde wavu ukakwama.

"Orazbek! We mzee, umeenda kulala na samaki?" mmoja alitania.

"Orazbek, acha utani! Shika kamba!"

Raushan alitoka nje. Nyayo za mzee zilikwenda moja kwa moja kutoka hemani hadi ukingoni mwa tundu. Hazikurudi. Aliinua macho, akawahesabu wanaume pale kambani, kisha akawahesabu tena.

Walikuwa watano, kama alivyoandika.

Wanne wakaiachia kamba, wakaanguka kifudifudi kando ya tundu, wakiita jina la mzee ndani ya maji meusi.

Wa tano, yule asiye na kofia, hakuacha kuvuta.