Gazi ya Mama Mwamini

Mwaka ule wa vita vya Wazungu, maduka ya Kabambare yalikuwa na chumvi na majembe, lakini bafta, kitambaa cheupe cha sanda, haikuonekana hata kipande. Kwa hiyo Mama Mwamini alipofia dispansari, mwanawe Atumani hakuwa na sanda. Alimwendea Célestine, msichana aliyemsaidia muuguzi, akamwomba gazi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda.

Célestine alikuwa na maburungutu mawili. Moja akaliacha kabatini kwa ajili ya watu wanaokatwa na mapanga katika kazi ya kugema mpira porini. La pili akampa. Ndani ya chumba chenye giza, waoshaji walikunja ile gazi mara tatu, wakaridhika, ngozi haikuonekana.

Kaburini jua lilikuwa kali. Hapakuwa na nguo ya kutandaza juu ya shimo, na mkeka aliobebewa ulipofunuliwa, gazi ikawa kama maji. Mama yule, ambaye hata mtoni alikwenda amejitanda, wanaume wakamwona uso na kifua. Waliinamisha vichwa. Célestine, aliyesimama njiani, aliona pia.

Tangu hapo, kila alipoinua gazi dirishani kuangalia kama iko safi, uso ule ulikuwa nyuma ya nyuzi, macho yamefumbwa. Aliikata upesi huku akitazama pembeni. Muuguzi alimtania kwamba anakata kitambaa kama mtu anayechinja kuku wa wizi.

Juma la tatu Atumani akaletwa, mguu umepasuliwa na panga. Muuguzi alikuwa amesafiri kwenda Lusangi. Célestine akafungua kabati, akatoa burungutu. Atumani akalitazama kwa muda mrefu.

"Siku ile, hii ilikuwa humu?"

"Ilikuwa, baba. Niliiweka kwa ajili ya wagonjwa."

Hakukasirika. Aliangalia damu yake ikidondoka sakafuni.

"Mama alilala hapa siku kumi na mbili. Aliacha kuwa mgonjwa saa ngapi?"

Célestine akapiga magoti kando yake. Atumani akanyoosha mguu, akageukia ukuta.

"Funga. Halafu usiniambie pole."

Akafunga. Kidonda kilizama chini ya nyuzi, uso ule wa mama yake haukuzama. Atumani akashika fimbo yake, akaondoka bila kuaga, na mwanamke mwenye mtoto aliyeungua mkono akaketi palepale. Célestine akachukua makasi. Safari hii hakutazama pembeni; alimtazama Mama Mwamini nyuma ya nyuzi mpaka kitambaa kikakatika.