Zawena Hajamaliza

Usiku wa jana, mvua ikipiga bati, niliota nimeingia darasani kwa binti yangu Zawena, wa miaka kumi. Nimetoka kuchoma matofali, miguu mitupu, matope mekundu hadi vifundoni.

Shule yao ni ya Montessori. Mtoto huchagua kazi rafuni, huitandaza mkekani, akimaliza huirudisha palepale alipoitoa. Kila kifaa kipo kimoja tu. Mwingine akikitaka, husubiri.

Baina ya shanga za kuzidishia na ramani ya Afrika kuna pengo. Ndipo alipokuwa amewekwa marehemu mke wangu. Zawena amemtoa, amemlaza mkekani, anamsuka.

"Nimekuja kumrudisha Mama Zawena," namwambia mwalimu.

Mwalimu hana kinywa. Amekitundika msumarini, maana mtoto akiwa kazini hasemeshwi. Kinywa kinanijibu kutoka ukutani.

"Ana mtu huyo."

"Matanga si tulishaanua? Asubuhi shemeji anakuja kuchukua nguo za marehemu. Nimeshazifunga."

"Mlianua wakubwa. Subiri zamu yako, Baba Zawena."

"Na uniondolee hiyo miguu," mkeka unasema.

Mimi si mtu wa kusubiri. "Zawena, inuka! Imetosha!"

Shanga zote zinanigeukia. Zawena hageuki. Anachambua nywele.

Namshika marehemu mkono, namvuta. Rafu inakuwa makaburi. Watoto wa darasa zima wamepanga mstari, kila mmoja na jembe lake.

Mke wangu anafumbua macho. "Nywele nusu, Baba Zawena? Ndivyo nitakavyokwenda?"

Zawena halii. Anaandika kadi, anamwekea mamaye kifuani: *Sijamaliza. Zawena.* Kazi yenye kadi haiguswi na mtu, hata mwalimu.

Ninaigusa. Ninaikanyaga kadi kwa mguu mzima, na watoto wanaanza kuchimba.

Nikaamka. Kumekucha. Zawena amelala, vidole vyake vinang'aa mafuta ya nywele. Furushi la nguo liko mlangoni nilipoliacha. Juu yake kuna kadi yenye mwandiko wake, na juu ya mwandiko, alama ya kidole gumba cha mguu, kwa matope mekundu.

Nililala nimeoga.

"Hodi, shemeji!" mdogo wa marehemu akaita nje. "Nguo ziko tayari?"

Nilisimama mbali na furushi.

"Rudi siku nyingine, shemeji. Mtoto hajamaliza."