Neno la Mzee wa Miaka Mia Tatu

…na sasa anaipuliza, mdomo umejaa karanga na bado anaipuliza ile dadu ya pande ishirini, chembe zinarukia ramani ambayo Shamimu aliichora wiki nzima kwa kalamu za rangi, moja imetua katikati ya ziwa, nyeupe, ina mate, na baba mdogo Yusuph haoni, au anaona na hajali, anaitikisa dadu ndani ya ngumi na kurudia, "Nimesema neno, mama. Ziwa limmeze huyu mrina asali. Unaruhusu?", anamwita mama kwa sauti ile ile ya kuomba aongezewe chai, na stoo yake nzima inanuka vitunguu swaumu, magunia mpaka darini, harufu imeingia kwenye karatasi, kwenye ushungi, kwenye nywele, lakini kinachomtia Shamimu kichefuchefu leo si vitunguu, ni hilo unaruhusu, kana kwamba aliwahi kumkatalia kitu, kana kwamba mchezo huu bado ni wake… Ulikuwa wake, mwanzoni, alikaa na daftari akiwapima wahusika, kila mchezaji na wake, huyu apewe nguvu apunguziwe mbio, yule apewe dawa apunguziwe uhai, asiwepo mhusika wa kuwageuza wenzake watazamaji, hiyo ndiyo kazi ya msimamizi, kusawazisha, na alijivunia, mjinga mkubwa, alijivunia. Mzee wa Mvua, mhusika wa baba mdogo, yeye alimpa Neno, akisema kitu kinatokea, dadu ikitoa tano kwenda juu limepita, wakati wengine wote wanahitaji kumi na tano, na kizuizi kilikuwa kimoja, kizuri, cha kwetu kabisa: mhusika aliyemzidi umri anaweza kulikataa. Basi baba mdogo akachukua kalamu akaandika, umri, miaka mia tatu. Mwalimu Festo, aliyekuwa akimwandaa askari wake, akacheka akaandika mia nne, baba mdogo akamtazama tu, akamtazama vile anavyomtazama mtu aliyeingia dukani na viatu vya matope, na mwalimu mzima, mwenye ndevu, akaikata mia nne kwa mistari miwili akaweka arobaini. Na Shamimu akanyamaza. Hapo ndipo mchezo ulipooza, siku ya kwanza kabisa, na wameula hivyo hivyo umeoza kwa miaka miwili…

"Mbona kimya, mama? Nirushe?"

"Subiri kidogo, baba mdogo, naangalia kanuni," anajibu, uongo mtupu, kanuni anaijua, aliiongeza mwenyewe baadaye, Neno likielekezwa kwa mchezaji mwenzako sharti msimamizi aruhusu, aliiweka makusudi ili siku moja aweze kusema hapana, na hiyo siku haijafika. Na kosa la mrina asali, mhusika wa Rogathe, ni lipi? Alimpa asali mtoto mgonjwa kabla ya kumpa mzee. Basi. Mtoto wa kwenye karatasi, asali ya kwenye karatasi, na mtu mzima mwenye wajukuu amevimba shingo kweli kweli, huyo hapo, anatafuna. Alishanuna hivi mwaka jana mhusika wake alipoliwa na mamba, wiki tatu Shamimu anamwamkia shikamoo asubuhi, anajibiwa kwa pua, wiki tatu ndani ya nyumba moja, mpaka akaona yaishe, akamfufua Mzee wa Mvua, akamwomba radhi, akamwongezea na mvua ya kunyesha popote apendapo… lo, aibu, aliomba radhi kwa niaba ya mamba. Festo anasema, "Amua basi, dada, jua linazama," bila kuinua macho kwenye simu, huyu naye, angekuwa mhusika wake anayezamishwa angekuwa amesimama sasa hivi akihutubia, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumgusa askari wake, hata alama moja… hata alama moja, kweli? Kweli. Nyuki wa Rogathe ndio walioguswa. Walikuwa wanauma mara tatu, Shamimu akasema wamezidi, tunasawazisha tu, Rogathe, akaweka mbili, Rogathe akasema sawa, kisha moja, sawa, kisha ikaja ile kanuni kwamba mvua ikinyesha nyuki hawatoki mzingani, na baba mdogo akaleta mvua kila Jumapili, na kila Jumapili Rogathe akatoka Endagikot baada ya ibada, juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, aje akae juu ya gunia akitazama mvua ya kwenye karatasi. Rafiki pekee ambaye hajawahi kumuuliza utaolewa lini. Na leo mlangoni, akijikung'uta, alisema bila ukali wowote, "Shamimu, huyu mrina wangu akifa, mimi sirudi tena, nisikudanganye," na yeye akacheka, hafi bwana, nani wa kumuua… Kumbe hakukata kwa Rogathe kwa sababu nyuki walizidi, alikata pale pasipo na kelele. Miaka miwili akimchukia mzee wa watu na karanga zake, na mzee alikuwa anaomba tu, mwenye kisu ni yeye, na mkono wake wenye kalamu anaujua sasa, anautazama pale juu ya daftari, mnene, umelowa jasho, unamchukiza kuliko mate yale kwenye ziwa. Anasikia kitu kinakwaruza, anadhani panya kwenye magunia, anageuka, si panya, ni Rogathe, ameinamia karatasi yake, ana kifutio, dadu haijarushwa, hakuna aliyeruhusu lolote, na Rogathe anafuta namba za uhai wa mrina asali, polepole, kama mwalimu anayefuta ubao kipindi kikiisha, na anapoona anatazamwa anatabasamu, tabasamu la sawa, lile lile… Atanuna, baba mdogo, wiki tatu, miezi mitatu, na anune, atasema toa makaratasi yako stoo kwangu, atayatoa, atayabeba kichwani, neno lipo, hapana, lipo nyuma ya meno, baba mdogo hapana…

"Nirushe, mama?" anauliza baba mdogo, dadu ikigongagonga ndani ya ngumi, na Rogathe amemaliza namba, sasa anafuta jina.