Wimbo Uliopandishwa

Wanafunzi walimwita Mwalimu Doremi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Tangu aanze kufundisha muziki katika sekondari ile, kwaya haikuwahi kuimba wimbo ambao haukupita kwanza mkononi mwake. Aliuchukua wimbo, akaugawa katika sauti nne, akauandika ubaoni kwa solfa, do kwa re kwa mi, vumbi la chaki likimshukia hadi kwenye viatu, na watoto wakanakili kimya kama wako kwenye mtihani. Kinanda cha shule kilikuwa kibogoyo, nusu ya vibao vimeng'oka, lakini yeye hakukihitaji. Alikuwa na uma wake wa chuma wa kupimia sauti. Aliugonga gotini, akausogeza sikioni, akawapa sauti ya kuanzia, na kwaya ikaingia.

Basi akaletewa msaidizi. Na msaidizi mwenyewe hakuwa mgeni. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyempachika jina la Chiriku kwa sababu alikuwa kabinti kembamba ambako kakifungua mdomo darasa zima linageuka. Sasa alikuwa mwalimu kamili, ana mume na mtoto, lakini kila asubuhi alimwamkia mzee wake kwa shikamoo ya kuinama.

"Huyu nimemfinyanga mwenyewe," Mwalimu Doremi aliwaambia wenzake katika chumba cha walimu. "Masikio yale mnayoyaona ni kazi ya mikono yangu."

Mambo yalikuwa shwari mpaka tamasha la kwaya za shule lilipokaribia. Siku moja Chiriku alimjia na simu mkononi.

"Mwalimu, siku hizi nyimbo zinauzwa mtandaoni, zimeshapangwa sauti zote. Unalipia nakala kulingana na idadi ya waimbaji, unapakua, unachapisha. Hakuna kuiba jasho la mtu."

"Wimbo unanunuliwa kama vitunguu?"

"Vitunguu huwezi kuvisikiliza kabla hujanunua, Mwalimu. Hizi unazisikiliza."

Mwalimu Doremi alicheka, akasema haya, jaribu. Hakuona ubaya. Aliamini watoto wangehangaika na zile noti za mistari mitano wiki moja, mbili, kisha wangerudi ubaoni kwake wenyewe.

Hawakurudi. Chiriku aliwafundisha kusoma mstari kwa mstari, na siku walipouimba wimbo wote kwa pamoja, Mwalimu Doremi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Ulikuwa wimbo wa kusifu mapambazuko, wala haukuwa mgumu. Lakini aliyeupanga alijua kazi. Besi, wale wavulana wa nyuma ambao yeye aliwapa do na so, do na so mwaka hadi mwaka kama watu wanaotwanga, humo walikuwa na maneno yao, wanauliza na kujibiwa. Sauti ya tatu ilipenya katikati kama mtu anayekatiza umati bila kumkanyaga yeyote. Wavulana walikuwa wakitabasamu. Hakuwa amewahi kuwaona wakitabasamu wakiwa wanaimba.

Palikuwa na binti wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye haya, ambaye katika nyimbo za Mwalimu Doremi aliimba akitazama sakafu. Chiriku alikuwa amempa sehemu ya kuimba peke yake. Aliimba ameinua uso. Walipomaliza, alimwona mwalimu mlangoni, akamwambia kwa moyo mweupe kabisa:

"Mwalimu, huu hauchoshi!"

Chai ikamgeukia shubiri mdomoni.

Laiti wimbo ule ungekuwa mbovu, angeweza kugombana nao. Ubaya ni kwamba ulikuwa mzuri, na yeye alikuwa na masikio ya kuujua uzuri wake kuliko mtu yeyote mle ndani. Jioni hiyo mkewe alimtazama akichezea chakula.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna."

"Basi uso umenuna peke yake."

Mkuu wa shule naye alikuja kuweka chumvi kwenye kidonda. Alimpigapiga begani kwenye korido, watu wanapita. "Mzee, safari hii tunapeleka ule wa kununua. Zako tumeshazizoea bwana! Chiriku ndiye atakayeongoza, wewe pumzika, kaa na sisi wageni waalikwa."

"Wazo zuri, Mkuu," akajibu. Usiku ule alilala kifudifudi.

Ikabaki wiki moja. Waandaaji walitoa taarifa kwamba ukumbini kuna piano na mpigaji wake, na kila shule ilete karatasi ya kumpa. Chiriku alikuwa ameitwa kwenye mafunzo ya walimu mji mwingine, na angerudi siku hiyohiyo ya tamasha, moja kwa moja hadi ukumbini. Alimfuata mwalimu wake kabla ya kuondoka.

"Naomba uninunulie sehemu ya piano, Mwalimu. Iko palepale penye wimbo. Watakuuliza unataka ufunguo gani, maana wanaweza kuupandisha au kuushusha kabla hujalipa. Chagua D. Do yetu ni D."

"Binti yangu, unanifundisha D?"

"Hapana, Mwalimu! Nisamehe." Akacheka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Kompyuta yenye mtandao ilikuwa ofisini kwa karani. Karani, mama mmoja mchangamfu asiyejua do wala re, aliufungua ukurasa, akaupata wimbo, akafika kwenye kidirisha cha ufunguo.

"Haya, hapa kuna herufi chungu nzima. Nibonyeze ipi?"

Mwalimu Doremi aliitazama ile safu ya herufi. Alijua sauti ya yule binti inapoishia kama mtu anavyojua kizingiti cha mlango wake, pale anapoinama bila kufikiri. Kwenye D alifika juu akiwa na nafasi ya kutosha. Kutoka D hadi F ni vibao vitatu tu vya piano, ukihesabu vyeupe na vyeusi. Vitatu tu. Na kwaya haijawahi kuimba na piano, itafuata itakakopelekwa.

"Mwalimu?"

"F," akasema. "Bonyeza F."

Wahenga walisema hasidi hana sababu, lakini yeye alijitafutia kadhaa alipokuwa akivuka uwanja na karatasi zikiwa bado na joto la mashine. F inang'aa zaidi. Ukumbi ni mkubwa, unahitaji sauti ya juu. Vijana lazima wajifunze kwamba kitu cha kununua si cha kutegemea. Kufika getini sababu zote zilikuwa zimemwishia mkononi. Bado angeweza kurudi; karani alikuwa hajafunga. Hakurudi.

Siku ya tamasha, Chiriku alifika ukumbini na begi la safari begani, zikiwa zimebaki shule mbili kabla ya yao.

"Shikamoo, Mwalimu. Karatasi ya piano tayari?"

"Marahaba. Nimeshampa mpigaji mwenyewe, anayo."

"D?"

"Kila kitu kipo, mwanangu. Nenda kwa watoto wako."

Watoto walipanda jukwaani na mashati yaliyopigwa pasi. Mpiga piano, bwana mmoja aliyekuwa amepigia shule tangu asubuhi na uchovu umemjaa machoni, aliiweka karatasi mbele yake akaanza kupiga kilichoandikwa. Mkono wa Chiriku ulikuwa hewani. Mwalimu Doremi aliuona ukiganda. Chiriku akageuza shingo, akamtafuta katika safu ya wageni waalikwa, akampata. Walitazamana. Mwalimu akainamisha macho, akajifanya anasoma ratiba.

Piano haingoji. Kwaya ikaingia, na mwanzoni mambo yalikwenda. Besi hata walinoga. Lakini wimbo ulipoanza kupanda, sauti ya kwanza ikaanza kukaza shingo, mishipa ikatoka, utamu wote ukawa makelele. Kisha ikafika sehemu ya yule binti. Aliinua uso kama alivyofundishwa. Akapanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili, na kule juu sauti ikakatika kama uzi. Alijaribu tena, ikatoka mlio wa jogoo anayejifunza kuwika. Nyuma ya ukumbi watu wakaangua kicheko. Binti akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Kwa muda piano ililia peke yake. Ndipo Chiriku, amewapa watu mgongo, akaanza kuimba mwenyewe sehemu ile, mkono ukiendelea kuongoza. Sauti yake nayo ilikuwa haijapashwa, imetoka safarini, lakini aliibeba juu mpaka kwaya ilipoipokea. Wakamaliza. Makofi yalikuwa ya kuhurumia.

Nyuma ya jukwaa Mkuu wa shule alikuwa anafoka. "Aibu gani hii? Nimekaa na wageni pale! Nani kachagua kuwapandisha watoto hivi?"

Mwalimu Doremi alikuwa amesimama hapohapo. Alifungua mdomo. Kisha akaikunja ratiba aliyokuwa nayo mkononi.

"Ni mimi, Mkuu," Chiriku akasema. "Nilikosea ufunguo. Kosa ni langu."

"Basi hizo za mtandaoni zikome leo! Kwaya inarudi kwa mzee. Utu uzima dawa, sasa umejionea."

Mwalimu Doremi alipata alichotaka, kizima, bila kupungukiwa hata unyoya.

Chiriku aliomba uhamisho, akaupata kabla muhula haujaisha. Siku aliyokuwa akitoa vitu vyake kwenye kabati, Mwalimu Doremi aliingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Aliendelea kupanga vitabu kwenye boksi. "Ningesema nini? Kwamba Mwalimu Doremi hajui tofauti ya D na F? Nani angekubali? Ningebaki kusema ulifanya kusudi, na hilo sikuweza kulitamka mbele ya watoto uliowalea. Niliisikia F tangu piano ilipoanza. Nikasema labda masikio yangu yamechoka na safari. Nikakutazama, Mwalimu. Nilikutazama ili unionyeshe kwamba si wewe."

"Nisamehe, Chiriku."

"Mimi nimesamehe. Mimi ni mtu mzima mwenzako, nitafundisha kwingine. Umuombe yule binti."

Alibeba boksi lake, akasita kidogo mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliondoka bila kumuaga kwa heshima.

Ilimchukua siku kadhaa kupata ujasiri. Alimkuta binti nyuma ya madarasa amevaa viatu vya michezo, anafunga kamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sikuoni mazoezini."

"Nimehamia mpira wa pete, Mwalimu."

"Sauti yako haina kosa lolote. Wimbo ulikuwa juu mno. Aliyeuweka juu..." Akakwama. Binti alikuwa anamtazama kwa adabu, anangoja amalize ili aende. "Ulikuwa juu mno," akarudia.

"Mwalimu Chiriku alituambia vivyo hivyo. Alituomba radhi sote." Akasimama. "Lakini mimi, nikifungua mdomo tu, nasikia wanacheka. Naomba niende, Mwalimu, wananisubiri."

Mchana huo kulikuwa na mazoezi. Mwalimu Doremi alijaza ubao kwa solfa, kwa mwandiko wake uleule mzuri, na watoto wakanakili. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyechelewa. Aliwapa sauti ya kuanzia, wakaingia wote kwa pamoja. Kule nyuma besi waliimba do na so, do na so, macho yao yako dirishani.