Barabara ya Bwana Pruitt

Chuo hakijafungwa. Ndivyo ujumbe wa simu ulivyosema alfajiri, na Kirsten Haugen angefanyaje? Asubuhi ile alikuwa na mtihani wa mwisho wa uuguzi, na asiyefika anarudia mwaka, hakuna cha homa wala msiba. Akamwacha mwanawe kwa bibi yake, akaingia barabarani, jimbo zima la Minnesota jeupe pe kwa theluji.

Gari lilimshinda karibu kabisa na chuo. Liliteleza polepole, likatumbukia mtaroni pua chini. Alitoka kupitia dirisha, akatembea, theluji magotini, akijitukana yeye kwanza, kisha chuo.

Mara akakanyaga lami. Lami nyeusi, imemwagiwa chumvi, imefagiliwa kama sebule ya wageni. Alibaki kinywa wazi. Kwenye nyumba ya mwisho, mzee mwenye ndara alikuwa akiokota gazeti. Alimjua: Pruitt, makamu mkuu wa chuo, ndiye anayeamua kifungwe au kisifungwe.

"Binti, mbona umelowa hivyo?"

"Gari langu liko mtaroni, Bwana Pruitt. Nawahi mtihani kwenye chuo ulichokataa kukifunga."

"Nifunge kwa lipi? Kila alfajiri natoka mwenyewe na gari, nakagua. Barabara safi."

"Unakagua mpaka wapi?"

Akanyoosha gazeti. "Pale kwenye kibao cha jina la mtaa. Halafu narudi."

Kibao kilikuwa mwisho wa mtaa wake.

"Na gari la chuo la kusukuma theluji huanzia wapi?"

"Hapa kwangu. Ili niweze kutoka kwenda kukagua." Alilisema bila haya, kisha akaitazama theluji kwenye magoti ya Kirsten. Akaenda mpaka kwenye kibao, akapiga hatua moja kukipita, mguu ukazama na ndara yake. Alitoa simu, akapiga, akasema, "Fungeni."

Hapo hapo simu ya Kirsten ikatetemeka. Chuo kimefungwa. Mitihani yote itafanyika mtandaoni, kwa saa zake zilezile.

"Kompyuta yangu iko mtaroni," alisema. "Nani kaamua haya?"

"Ujumbe unajituma wenyewe," Pruitt alijibu, macho chini. "Tuliupanga hivyo, tusipoteze siku."

Kirsten alirudi mpaka nyumba ya mzee, mzee nyuma yake, akafungua mlango. Pale kizingitini viatu vya familia vilipangwa safi, na kila mtu Minnesota anajua maana yake: ndani huingii na viatu.

"Kompyuta yako iko wapi?" aliuliza, akakanyaga zulia.

Viatu hakuvua.